Mwanangu mmisionari amechoka kuambiwa avumilie

SWALI: Mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 19, aliitwa kuwa mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo majirani zetu wanaliita la Wamormoni, akapelekwa Durban, Afrika Kusini. Kila Jumatatu anapopiga simu ni malalamiko matupu: watu wanampa miadi kisha hawaonekani, mwenza wake Mmarekani, yaani mmisionari aliyepangiwa kuhudumu naye, anamsahihisha mbele za wenyeji, na katika miezi 24 ya huduma hajamaliza hata minne. Baba yake yuko tayari kumtumia nauli arudi. Mimi humwambia avumilie, naye hunijibu kwamba neno hilo amelichoka. Nimwambie nini?
Mama wa mmisionari, Nairobi

JIBU: Mama, kijana anayepanda vilima vya Umlazi, kitongoji cha Durban, kwa miguu, amefunga tai katika joto la Durban, hana haja ya kufundishwa kuvumilia taabu, kwa kuwa taabu anaivumilia tayari. Kinachomshinda ni kuwaachia watu wengine waende kwa mwendo wao, na hapo wito wa jumla wa subira haumsaidii sana, hata ukitoka kwa mama.

Tuanze na hao wanaompa miadi. Niliwahi kutumikia Kampala nikiwa kijana, na nilichokiona ni kwamba mtu anayesema "njooni Alhamisi" mara nyingi ameshakataa, ila anaona vibaya kuwafukuza vijana wawili waliosimama juani. Hata sisi nyumbani humwambia mgeni tusiyemhitaji "karibu tena siku nyingine". Mmisionari mgeni huhesabu jambo hilo kuwa uongo, akaibeba hasira yake hadi nyumba ya pili, ambako inamwangukia mtu asiye na kosa lolote. Kanisa lake linafundisha kwamba kila mtu ana uhuru wa kujiamulia, na uhuru huo unamhusu pia yule aliyejificha chumbani Alhamisi ilipofika. Mwombe asome tena Alma 17 katika Kitabu cha Mormoni, mahali ambapo wana wa Mosia wanaagizwa wawe na subira katika mateso ili wawe mifano mizuri kwa Walamani, watu waliokwenda kuwahubiria. Amoni, mmoja wa wana hao, hakuanza kwa kuhubiri. Alianza kwa kuchunga mifugo ya mfalme Lamoni, na kazi ya ndugu hao ilichukua miaka 14.

La mwenza ni gumu zaidi, na nadhani ndilo hasa linalomchosha. Mwanao hakumchagua. Analala naye chumba kimoja, anaamka naye saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anasoma naye, anapika naye, na kanuni haimruhusu kwenda mbali naye hata anapokuwa na hasira. Mwenza wangu mmoja alikuwa akipiga pasi shati moja kwa muda ambao mimi ningepiga matatu, akiirudia kola mara kwa mara, nami nikimsubiri mlangoni na begi mgongoni. Tabia hiyo sikuipenda hadi tulipotenganishwa. Nilichojifunza ni kukaa chini, kutoa daftari na kupitia somo la siku hiyo badala ya kumhesabia dakika, na kufikia wakati wa kutoka nilikuwa na la kusema kwa watu tuliokuwa tukiwaendea.

Lakini kusahihishwa mbele ya watu si jambo la kunyamazia. Wenza hupanga kazi ya juma pamoja, na kikao hicho ni nafasi ya kuelezana kwa upole yanayokwenda vizuri na yasiyokwenda. Atumie nafasi hiyo kusema wazi: "Unaponisahihisha mbele ya mwenye nyumba ninashindwa kuendelea, tafadhali subiri tutoke nje." Kijana huyo Mmarekani pengine hajui kwamba anamwaibisha mwenzake, naye ana mama yake anayepokea simu za malalamiko Jumatatu hiyohiyo. Isitoshe, uhamisho hufanyika kwa kawaida kila baada ya wiki sita, kwa hiyo hawatakaa pamoja miezi yote 24.

Iwapo utasikia kwamba halali, hali chakula, au anatukanwa na kupigwa, hapo usizungumze subira. Mwambie ampigie rais wa misheni, yaani kiongozi anayewasimamia wamisionari wa eneo lake, siku hiyohiyo. Wapo wamisionari wanaorudi mapema kwa sababu ya afya, wala hakuna aibu katika hilo.

Kuhusu simu zenyewe, hadi mwanzoni mwa mwaka 2019 mmisionari alipiga simu nyumbani wakati wa Krismasi na Siku ya Akina Mama tu. Mengine yote yalipita kwenye barua na barua pepe. Sasa anaruhusiwa kila wiki, jambo ambalo naliona ni jema, ila lina kasoro moja: yeye anautua mzigo wa juma zima kwako asubuhi, jioni yuko uwanjani anacheza mpira na wenzake, na wewe unabaki nao siku sita. Msikilize alalamike kidogo, kisha muulize mambo ya karibu: mzee wa jana aliwaambia nini, nani alipika, amejifunza maneno gani ya Kizulu. Muulize pia kama amekutana na familia za Wakongo na Warundi, kwani Durban inao wengi wanaozungumza Kiswahili, na mwenza wake akiketi katika nyumba kama hiyo atalazimika kumtegemea yeye.

Baba yake naye asitume nauli kwa siri. Kijana akiamua kurudi, azungumze mwenyewe na rais wa misheni, kwa kuwa safari hupangwa kupitia ofisi ya misheni, na ni vyema uamuzi wa namna hiyo aufanye baada ya kupumzika na kula, si Jumatatu asubuhi akiwa kwenye simu.