Kabla Hujanunua Gari la Mbio Kampala, Tazama Kwanza Utalikimbizia Wapi

Vijana wanaonipigia simu kuhusu magari ya mbio huuliza swali lilelile: "Mzee, nina milioni thelathini na tano, nichukue Subaru au Mitsubishi Evo?" Nami huwauliza: utalikimbizia wapi? Hapo simu hunyamaza. Video walizokesha nazo ni za Nürburgring kule Ujerumani, kilomita 20 na ushei za lami. Sisi uwanja wetu ni murram. Busiika ni vumbi, Dundu kule Mukono ni vumbi, na mvua ikipiga usiku, asubuhi unakuta utelezi mtupu. Gari lililoshushwa hadi likakwaruza kila tuta la Ntinda litapendeza kwenye picha, lakini Busiika halimalizi mzunguko likiwa zima.

Na usiniambie barabara ya kulipia ya Entebbe. Kikomo pale ni kilomita 100 kwa saa, na wanaopita humo wanawahi ndege, hawakuja kushindana na wewe.

Kwa hiyo simshauri mtu anunue nguvu za farasi. Namshauri anunue gari lililoinuka kidogo, linalovuta magurudumu yote manne, ambalo spea zake zinapatikana soko la Kisekka bila kuagiza Dubai. Kisha abakize theluthi ya fedha. Ndiyo, theluthi. Hiyo ni ya breki, tairi na mfumo wa kupooza injini.

Turbo kwetu si anasa. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono ilitangazwa Japani na farasi 210. Hapa unaendesha kama 185. Turbo hulipa deni hilo kwa kuikandamiza hewa, ila inafanya kazi zaidi na kupata moto zaidi. Ndiyo maana rediata ya turbo iliyoziba nusu ni hatari kuliko turbo iliyochoka. Halafu kuna petroli. Subaru Impreza STI ya soko la Japani ilitengenezewa petroli ya kule ya okteni karibu 100, yaani inayostahimili kukandamizwa bila kulipuka kabla ya wakati. Ya kwetu iko chini ya hapo, kwa hiyo fundi anayekuambia atakuongezea msukumo wa turbo kwa kompyuta tu, bila kugusa kingine, anakuandalia pistoni zilizopasuka.

Sasa tuje kwenye Impreza, maana ndilo gari la ndoto la mtaa mzima. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, mapenzi hayo yalivuka Malaba na hayajarudi. Lakini elewa soko lake lilivyo leo. Toleo la GD, lile la miaka ya 2000 hadi 2007, haliwezi tena kuagizwa: sheria ya mwaka 2018 inakataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Maana yake, kila GD inayouzwa Kampala ilishaingia zamani na imepitia mikono kadhaa. Ile karatasi ya mnada wa Japani utakayoonyeshwa, hata kama ni ya kweli, inasimulia utoto wa gari. Wewe unataka kujua ujana wake hapa Uganda.

Anza na kibati kilichomo ndani ya boneti. GDA ni WRX, ile Impreza ya turbo ya kawaida; GDB ndiyo STI, ile kali zaidi. Herufi zikiwa nyingine, basi bawa la nyuma, beji ya waridi na tundu la hewa juu ya boneti vimenunuliwa. Vitu hivyo vipo tele, na mfungaji wa bodi akitulia hutajua kwa macho. STI ya kweli ina gia sita. WRX ya wakati huo ina tano.

Nenda kuliona asubuhi, na kabla ya salamu kuisha weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, muuzaji amelipasha kwa sababu fulani. Mwambie kwa heshima utarudi kesho, lilale. Injini ikiwashwa baridi, sikiliza. Mlio wa tak-tak unaofifia injini ikipata moto mara nyingi ni pistoni, na watu huishi nao miaka. Mlio unaobaki, au unaozidi ukikanyaga mafuta, ni beringi za konrodi. Hapo aga. Gari likiwa zima, omba risiti ya mkanda wa taimingi. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na maneno "tuliubadilisha juzijuzi" si risiti. Bila karatasi, hesabu mkanda mpya ndani ya bei.

Lakini kama fedha ingekuwa yangu, ningechukua Subaru Forester ya toleo la SG5 yenye turbo. Wengi hucheka. Injini ni ya ukoo uleule na WRX ya wakati wake, limeinuka karibu sentimita 20, na aliyelimiliki kabla yako pengine alikuwa mama anayepeleka watoto shule Naguru, si kijana aliyekuwa akijifunza kuzungusha gari saa nane za usiku. Gari la haraka lililotunzwa na mtu asiyejali haraka ni mali adimu.

Evo ni kali kweli, hasa ya VII hadi IX, ila pampu ya ile difu yake inayoongozwa kwa umeme ikifa utaomba mkopo. Golf GTI ni tamu kwenye lami. Acha ibaki kwenye lami.

Hiyo theluthi uliyobakiza, anza na mafuta ya breki. Hunyonya unyevu kutoka hewani. Ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, yanapaswa kustahimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Yaliyonyonya maji yaweza kushuka hadi 155, na kwenye mashindano hizo unazifikia upesi. Yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni kana kwamba hakuna kitu. Chupa moja mpya ni bei ya mlo wa mchana. Usikubali chupa iliyofunguliwa, hata fundi akikuambia, "Ssebo, nimeifungua leo tu."

Tairi nazo zisome. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mitumba huwa na kashata nzuri zinazokudanganya, kumbe mpira umekauka na haushiki tena. Bonyeza kucha. Isipozama hata kidogo, mpira umekufa.

Ukishakuwa tayari, nenda kupitia klabu zilizo chini ya FMU, shirikisho letu la michezo ya magari. Wakaguzi wao watalipitia gari na kofia yako kabla hujaingia, na jicho lao hilo lina thamani kuliko ushauri wangu. Mizunguko ya kwanza endesha polepole kuliko unavyotaka. Ya mwisho pia, ili turbo ipoe, maana oili iliyosimama ndani ya turbo ya moto huungua ikawa masizi. Ukiegesha usivute handibreki breki zikiwa moto. Zaweza kugandia. Weka gia ya kwanza, na jiwe nyuma ya gurudumu.