Rangi nne, pleti nne: maswali kuhusu kuandaa kazi ya kuchapwa

Picha inang'aa kwenye kompyuta, ikichapwa inapooza. Tatizo nini?

Kompyuta huchanganya mwanga, mashine hupanga wino juu ya karatasi, kila rangi kwa pleti yake, yaani bamba lake la kuchapia. Kijani kikali na chungwa lililokolea ndizo huumia zaidi, kwa sababu sayani, majenta, njano na nyeusi haziwezi kuzifikia. Geuza faili kuwa CMYK (yaani rangi hizo nne) kwa profaili, faili la maelezo ya rangi, ya karatasi itakayotumika, kisha urekebishe ukiwa unaona hasara yenyewe.

Picha iwe na pikseli ngapi?

Mashine huchapa picha kwa safu za nukta ndogo; zidisha idadi ya mistari hiyo ya nukta kwa 2. Mistari 150 kwa inchi inataka pikseli 300 kwa inchi. Gazeti la mistari 85 linatosheka na 170. Pima kwa ukubwa wa mwisho, maana picha ya 300 ukiikuza mara mbili imebaki 150. Maandishi yaache yawe vekta, yaani maumbo yasiyoundwa kwa pikseli.

Kwenye shati la mtu pichani kumetokea mawimbi ya ajabu. Yametoka wapi?

Michoro miwili ya mistari inayokaribiana ikilaliana huzaa mchoro wa tatu. Hapo nyuzi za kitambaa zimegongana na safu za nukta. Lainisha sehemu hiyo pekee, au badilisha kidogo ukubwa wa picha. Kama picha umeiskani kutoka gazetini, ina nukta zake tayari, hivyo ziondoe kwanza wakati wa kuskani.

Mawimbi yakitapakaa ukurasa mzima, kagua pembe za pleti, yaani mwelekeo wa safu za nukta za kila rangi. Mpango uliozoeleka, kwa digrii, ni sayani 15, majenta 75, njano 0 na nyeusi 45. Nyeusi hupewa 45 kwa kuwa jicho huona safu za mshazari kwa shida zaidi. Rangi tatu zimeachana kwa digrii 30, lakini safu za nukta hujirudia kila digrii 90, kwa hiyo ya nne inakosa nafasi. Njano, ambayo haionekani sana, ndiyo inayobanwa: digrii 15 tu kutoka kwa sayani na majenta.

Sehemu za giza zimekuwa tope, na wino umehamia mgongoni mwa karatasi ya juu yake.

Wino umezidi. Jumlisha asilimia za rangi zote nne: gazeti huvumilia takriban 240, karatasi iliyopakwa (yenye uso laini uliofunikwa) takriban 300. Nyeusi ya 100 katika pleti zote ni 400, haikauki. Kwa eneo kubwa jeusi, sayani 60, majenta 40, njano 40 na nyeusi 100 inatosha sana. Herufi ndogo zipewe nyeusi peke yake, la sivyo pleti ikisogea kidogo zitaota vivuli.

Tope lina chanzo kingine: nukta hutanuka wino unapofyonzwa. Nukta ya asilimia 50 huweza kuonekana kama 70 kwenye karatasi isiyopakwa. Profaili sahihi hulifidia hilo. Profaili ya karatasi nyingine huweza kulizidisha.

Pembeni mwa herufi za rangi kuna mstari mweupe mwembamba.

Pleti hazikukaa sawasawa. Tanua rangi nyepesi iingie chini ya nzito kwa takriban milimita 0.1. Herufi nyeusi zichapwe juu ya rangi bila kuitoboa. Nyeupe usiiwekee kamwe amri hiyo ya kuchapa juu ya rangi nyingine. Itapotea, na kwenye skrini huenda usigundue mpaka uwashe mwoneko unaoonyesha kila pleti.

Rangi ya ukingoni imekatwa vibaya.

Ipitishe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia.