Funga, saa 16 na seli kujila: jibu kwa aliyeuliza

Ndugu yangu, umeuliza kama funga ya Ramadhani, tangu daku hadi adhana ya magharibi, inatosha kuzifanya seli zijile zenyewe (otofajia), au lazima ufike saa 16 kama wasemavyo kwenye video. Kabla sijarudi nyumbani Mombasa kufundisha, kazi yangu maabara ilikuwa kuipima otofajia hiyo. Seli haihesabu saa. Inachohisi ni asidi amino, insulini na nishati iliyobaki, na hali hiyo huandikwa juu ya protini kwa vibandiko vidogo vya kemikali.

Ukishiba, kimeng'enya mTORC1 hubandika fosfeti kwenye ULK1, protini inayoanzisha otofajia, nayo hulala. Nishati ikipungua, kimeng'enya kingine, AMPK, hubandika fosfeti kwenye ULK1 hiyo hiyo, nayo huamka. Wanafunzi hukwama hapa kila mwaka: vipi kibandiko kimoja kilaze na kiamshe? Jibu ni mahali kilipokaa. Kwenye ULK1 ya panya, AMPK hulenga serini (asidi amino mojawapo kwenye mnyororo wa protini) ya 317 na ya 777. mTORC1 hulenga ya 757, na fosfeti ikishakaa hapo AMPK haiwezi kuishika ULK1 sawasawa.

Asetili, kibandiko kingine, nayo imo. Lishe ikiwepo, kimeng'enya p300 huibandika kwenye protini za otofajia, ATG5, ATG7 na wenzake, kazi ikapoa. Njaa ikiingia, kimeng'enya SIRT1 huibandua.

Protini LC3 ndiyo niliyoishi nayo. ATG4 huikata mkia, halafu ATG7 na ATG3 huiunganisha na mafuta yaitwayo fosfatidiletanolamini, ikanasa kwenye utando wa kifuko kinachozoa taka za seli. Kwenye jeli ya kutenganishia protini, LC3 yenye mafuta hushuka chini zaidi ya ile isiyo nayo, ingawa ndiyo nzito. Mgeni wa maabara akiuona mstari wa chini umekolea hushangilia. Mapema mno! Kifuko humalizikia kwenye laisosomu, tumbo la seli la kumeng'enyea taka, na LC3 iliyomo ndani humeng'enywa humo humo. Umati ukijaa gatini Likoni, huenda watu wamekuja wengi, huenda feri zimekwama. Kwa macho tu hujui. Basi tulikuwa tukigawa seli mafungu mawili, moja tukalitia bafilomisini, inayozima laisosomu. Mstari ukikolea zaidi kwenye fungu hilo, kazi ilikuwa ikiendelea. Usipobadilika, laisosomu ilikuwa imekwama tangu awali. Hata Yoshinori Ohsumi wa Japani, mshindi wa Nobel ya 2016, aliviona vifuko kwenye hamira yenye njaa iliyokosa vimeng'enya vya kuvimeng'enya, ndipo vikarundikana.

Sasa, mtu si sahani ya seli. Ini na ubongo havihisi njaa kwa kasi moja, na mtu aliyekula daku nzito na aliyelala na maji matupu hawaanzii pamoja. Hospitalini hapa hakuna kipimo cha kawaida cha damu kitakachokuambia otofajia yako imefika wapi. Anayekutajia saa 16 kamili muulize alipima kiungo gani, na kama aliizima laisosomu alipokuwa akipima.

Umesema pia unatumia dawa za sukari. Usirefushe funga kupita magharibi kwa ajili ya habari hizi. Muone daktari wako kwanza, maana sukari ikishuka ghafla haitangojea ULK1.