Barua kwa mwanangu: mlango wa Mwajuma

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Vitabu vimefika, vililala Mokowe, gatini ng'ambo ya maji, kidogo kisha kijana wa boti akavileta mpaka mlangoni, bahasha haikurowa hata. Umeniuliza kati ya Peponi na Vuta n'kuvute kipi umpe mjukuu wangu asome likizo hii. Vyote nimevimaliza. Kimoja kimenifanya niunguze mbaazi, kingine nimekifunga na hasira, na hasira yenyewe bado ninayo kwa hivyo naanza nayo.

Ni Peponi. Huyu Abdulrazak Gurnah wa Unguja alipopata Nobel 2021 unakumbuka babako alivyokuwa akisema, mtoto wa pwani kapata lakini pwani yenyewe haijamsoma, yote kaandika Kizungu. Kitabu kimetoka tangu 1994 na Ida Hadjivayanis ndiye aliyekitia Kiswahili, tafsiri imetoka 2022, yaani karibu miaka 30 tumekaa tunakisikia kwa mbali tu. Na Kiswahili chake mashaAllah kimekaa vizuri. Yusuf ana miaka 12, tajiri Aziz anakuja kumchukua, mtoto anadhani anakwenda kutembea kwa ndugu kumbe babake ana deni na yeye ndiye rehani. Nilisoma pale nikatulia nikamtafuta yule babake moyoni nimwambie maneno.

Alafu nikaanza kuona kitu. Mtoto jina lake Yusuf, mzuri wa sura, katolewa kwao kawekwa nyumba ya tajiri, na mke wa tajiri anamtaka. Aliyesoma Surat Yusuf chuoni anajua hapo hapo nini kinakuja, na kweli, anakimbia na nguo inachanika kwa nyuma! Nilifurahi mwanangu, nikasema huyu ni wetu, kasoma tulichosoma. Kwa hivyo nikawa nangoja. Nabii Yusuf alitoka jela akawekwa juu ya hazina, babake akarudishiwa macho, ndugu wakaja. Nangoja, kurasa zinakwisha, nangoja. Na huyu Yusuf wa Gurnah anafanya nini? Wajerumani wanapita na askari wao, na yeye anaacha kila kitu anawakimbilia! Amina, msichana aliyempenda, kabaki ndani ya nyumba ile. Khalil aliyemfundisha duka, aliyelala naye barazani miaka yote, kabaki. Kitabu kimekwisha.

Nimesema siku zote na wewe umelisikia tangu uko mdogo, mwandishi akimtoa mtu kwao ampe pa kufikia. Si lazima pawe pazuri, pawe pa kufikia tu.

Najua utanijibu nini. Utasema mama, ndivyo ilivyokuwa, Wajerumani hawakuja kumuuliza mtu anapenda nini. Kweli, sisi hapa Lamu Wajerumani tumebakiwa na nyumba ya posta yao ya 1888 tunawaonyesha wageni, wengine walipata bunduki na mizigo kichwani. Na pengine ndilo alilotaka tulione, kwamba mtoto akishawekwa rehani mara moja hajui tena kusimama peke yake, anatafuta bwana mwingine. Nimeliwaza hili nikiwa nachambua mchele na nikaona lina akili. Lakini mbona Khalil? Hata kumuaga? Hapana, sijakubali.

Hili linaniuma kwa sababu. Shangazi yangu wa Langoni, yule aliyekupaka hina arusi yako, habari yake unaijua, alivyorudi usiku kutoka kwa yule mume na babu yako akamrudisha usiku uleule, hata buibui hajalivua. Sisemi zaidi, marehemu hasemwi.

Miaka ikapita, mjomba akaja kutoka Tanga na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, tukasikia huko Tanzania kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, basi sisi wasichana ndio tukakitaka zaidi. Shangazi Qur'an alikuwa akiisoma kutushinda sote lakini hizi herufi za Kizungu hakuzijua, kwa hivyo alasiri akikaa kiwandani, pale uani kwetu, na kofia anayoishona, sindano inazunguka kitobo kimoja anakwenda cha pili, mimi namsomea. Mwanzo alipinga, baba mlevi, padri, watu wa bara, haya yana nini na sisi. Aliposikia Ukerewe ni kisiwa akanyamaza. Tulipofika pale Zakaria anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, sindano ikasimama. Akasema "endelea" tu, hakuniangalia.

Mimi usiku nilikuwa nasoma mbele peke yangu kwa hivyo mwisho niliujua. Rosa kaenda masomoni, wanaume wamemchezea, Charles aliyesema atamuoa anamkataa kwa kuwa si mwali tena, na Rosa anajiua. Nikamwangalia shangazi na kofia yake nikaona siwezi kumsomea hayo. Siku ya mwisho nikashika kitabu vilevile, macho kwenye karatasi, nikasema yasiyokuwemo. Nikasema Rosa kapanda meli kaenda Mwanza, kafika usiku, kagonga kwa mwanamke aliyesoma naye, mlango ukafunguliwa, akawekewa ugali na samaki wala hakuulizwa kitu mpaka akashiba.

Shangazi akaniuliza, "Nani kafungua? Yeye au mumewe?" Nikasema yeye mwenyewe. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kofia.

Baada ya hapo ikawa mara kwa mara, nisomee pale mlangoni. Si kitabu, pale mlangoni tu. Na mimi nafungua kitabu nasema yale yale, siku moja nikasema sato akanikata, "Ulisema sangara." Nikasema eh, sangara. Mpaka anaondoka duniani hakujua. Au alijua, maana mtu asiyejua hakariri hivyo, sijui, hili limeniweka macho usiku mara nyingi kuliko mambo makubwa zaidi.

Nilikuwa na haki? Kezilahabi hakuandika uongo, kaandika yanayowapata wasichana na wenye mashule wakakasirika kwa sababu ni kweli. Mimi nikamfuta. Nikifikiria kitabu nasema la, kazi ya mtu haiguswi. Nikimfikiria shangazi nasema ningefanya tena leo.

Sasa uone nilipofika kwa Yasmin, huyu wa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Kaozwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa kumzaa. Anatoroka, jamaa zake hawamtaki, aibu, mila, unayajua. Na mimi hapo nishaanza kuogopa, nasema Adam Shafi usinifanyie hivi. Anakwenda Ng'ambo, mtaa wa Unguja mjini, kwa Mwajuma. Mwajuma hana mali wala hana heshima kubwa mtaani, na huyo ndiye anayempokea! Nilivua miwani, nikakaa, mbaazi zikanuka mpaka jirani akaniita. Denge na siasa zake za kumng'oa Mwingereza, makaratasi ya siri, polisi wanamwinda, mazuri yote hayo, babako ndiye angeyapenda, lakini mimi kila akiingia Denge nilikuwa nauliza Mwajuma yuko wapi. Kitabu cha 1999, na mimi nimekipata leo, shangazi keshazikwa.

Kile cha tatu ulichotia ndani, cha yule mwandishi wa Nairobi, Owuor, cha Ayaana wa Pate, nimekianza. Kiingereza chake kizito, nasoma kidogo kidogo asubuhi. Bahari kaijua. Watu wa mamangu wa Siyu, kisiwani humohumo Pate, sijui wangekisemaje, nitakwambia nikimaliza.

Haya, kipi. Ungeniuliza kipi nimekipenda ningekujibu kwa neno moja. Umeniuliza kipi umpe mtoto na hilo silisemi, kwa sababu nikikitaja utamwambia "bibi kasema" na atasoma akinitafuta mimi humo. Vuta n'kuvute kina mambo ya mapenzi, utaogopa, usiogope, mtoto ana umri wa Yasmin. Peponi ni kitabu kikubwa, tena kama nisingekuwa na hasira nacho nisingekuandikia barua ndefu hivi. Viweke mezani achague mwenyewe. Ila akichagua Peponi hakikisha na kile kingine kiko karibu, akimaliza usiku asilale na mwisho ule peke yake.

Na akishasoma anipigie mimi, asikupe wewe maneno uniletee.

Kuli ukikiona duka la vitabu ninunulie, ni cha Adam Shafi huyohuyo, nataka kujua hao watu wa bandarini kawafanyia nini.

Mamako