Kikikatika je? Kwa uliyeuliza kuhusu noti fupi za anatomia

Usimpe hiyo elfu thelathini. Kama umeshampa, kaidai leo.

Unasema unatoka Wete, Pemba, unaanza diploma ya utabibu mjini Unguja, na kuna kaka wa mwaka wa mwisho anakuuzia kwa elfu thelathini faili la "noti fupi" pamoja na maswali ya nyuma na majibu yake. Amekwambia anatomia ni kukariri tu, umalize majina ya mifupa yote 206 kabla chuo hakijafunguliwa, na fiziolojia, yaani somo la namna mwili unavyofanya kazi, uiweke kando mpaka baada ya likizo kwa sababu ni bailojia ya skuli iliyovalishwa koti jeupe. Halafu ukauliza kitabu gani ununue, tableti au laptop, na kama kupanga Mwanakwerekwe ni mbali. Nitaanza na huyo kaka, na nina wasiwasi nitaishia hapo hapo.

Ushauri huo, wallahi, ndio unaowajaza watu kwenye orodha ya sapu, yaani mitihani ya marudio, kila mwaka. Usiniulize nimejuaje. Sapu si ugonjwa wa kuambukiza, ila ukikaa karibu na wauza noti unaipata.

Tatizo ni hili. Jina lililokaririwa peke yake halina pa kushika kichwani, na mtihani wa maana haukuulizi jina peke yake. Chukua pleksasi ya brakiali, ule mtandao wa neva unaotoka shingoni kwenda mkononi. Noti fupi zitakupa mstari mmoja: mizizi 5 kuanzia C5 mpaka T1, mashina 3, migawanyiko 6, kamba 3, matawi 5 ya mwisho. Utaukariri kwa wimbo, utausema hata usingizini. Kisha swali linakuja hivi: mchumaji karafuu ameanguka mkarafuuni, mfupa wa humerasi, ule wa kati ya bega na kisugudi, umevunjika katikati, kiganja kinaning'inia na hawezi kukiinua. Neva gani imeumia? Imeumia wapi? Na kwa nini kisugudi bado anaweza kukinyoosha? Hapo uimbe mpaka sauti ikauke, wimbo hautakujibu hata moja.

Jibu lake linataka uione njia. Neva ya radiali inatoka kamba ya nyuma, inapita nyuma ya humerasi ndani ya mfereji unaozunguka mfupa, imelala juu ya mfupa wenyewe, na ateri ya ndani ya mkono iko pembeni yake. Mfupa ukivunjika hapo, neva inavutwa au inakatwa. Misuli yote inayoinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole inapata amri kutoka neva hiyo baada ya kupita mfereji, kwa hiyo inalala. Matawi makuu ya msuli wa nyuma ya mkono, ule unaonyoosha kisugudi, yalikwisha kutoka juu kabla ya mfereji, ndiyo maana kisugudi kinapona. Ganzi ataisikia sehemu ndogo tu, nyuma ya kiganja kati ya kidole gumba na cha shahada. Mtu huyohuyo angeumizwa neva kwapani, kwa mfano na gongo la kutembelea linalombana, na kisugudi nacho kingelegea. Shingo ya humerasi ikivunjika, inayoumia ni neva ya aksilari na bega ndilo linaloshindwa kunyanyua mkono. Ukigongwa ndani ya kisugudi, pale panapokupiga shoti, ni neva ya alna. Mfupa mmoja, sehemu tatu, neva tatu, na hukukariri kitu. Umefuata njia.

Sasa kunja kifundo chako cha mkono kuelekea ndani kabisa, shika kalamu, mwambie mtu aivute. Inatoka kirahisi. Misuli ya kufumba vidole yako ni mizima, lakini kifundo kisipoinuliwa kano zake zinalegea na nguvu ya kushika inakwisha. Kwa hiyo yule mchumaji karafuu atakwambia "mkono hauna nguvu ya kushika", na aliyekariri atakimbilia neva ya midiani, ile ya misuli ya kufumba vidole, akose alama na huku mgonjwa yuko mbele yake.

Kanuni ninayokupa ni moja, na ukisahau yote mengine ishike hii: hakuna jina linaloingia daftarini mwako bila ya jibu la "kikikatika je?" Kwa kitu kinachotoka kwenye tezi au kinachopita kwenye damu, uliza "kikizidi je, kikipungua je?" Kama huwezi kujibu, hilo jina hujalijua, umelisikia tu.

Unavyofanya ni hivi. Chukua karatasi tupu, kitabu kifunge. Chora kitu chenyewe vibaya vibaya, michirizi tu, hakuna anayekupa alama za uchoraji. Andika kinatoka wapi, kinapita wapi, kinaishia wapi, kinafanya nini. Kisha kata kwa kalamu nyekundu sehemu moja na useme kwa mdomo, kwa Kiswahili, mgonjwa ataonekana vipi. Ukikwama, hapo ndipo pa kufungua kitabu, na usome hapo ulipokwama peke yake. Majina ya Kiingereza na Kilatini yaandike mwisho, kwa tahajia kamili, kwa sababu mtihani unayataka hivyo. Rudia usiku uleule, baada ya siku mbili, baada ya wiki. Karatasi ya wiki nzima uliyoichora mwenyewe ina thamani kuliko faili zima la kaka.

Na hilo faili nalo, hebu tulizungumze. Hizi noti zinarithishwa mwaka hadi mwaka, anayezipokea anabadilisha jalada, kosa la ndani linabaki palepale mpaka linaota mvi. Utakutana na sentensi "ateri zote hubeba damu yenye oksijeni". Uongo. Ateri hubeba damu inayotoka moyoni, basi. Ateri ya mapafu inatoka ventrikali ya kulia, chumba cha chini cha moyo, ikiwa na damu iliyopungukiwa oksijeni, na ateri mbili za kitovu cha mtoto tumboni zinapeleka damu ya namna hiyo kwenye kondo. Utakutana na "kano za vali ndizo zinazofungua vali". Uongo tena. Vali, yaani milango ya moyo, hufunguka na kufungwa kwa tofauti ya shinikizo la damu pande mbili, kano kazi yake ni kuzuia vali isipinduke kurudi atiria, chumba cha juu, wakati ventrikali inakaza. Kama aliyekuuzia angewahi kuuliza "kano ikikatika je?" angeliona kosa mwenyewe: kano ikikatika vali inafunguka vizuri tu, inashindwa kuzuia, damu inarudi nyuma, mapafu yanajaa maji. Lakini yeye aulize nini, biashara inakwenda.

Hiyo elfu thelathini kanunulie moyo wa ng'ombe Darajani, au ukiwa bado Pemba, soko la Chake. Nenda asubuhi. Mwambie muuza nyama aache mishipa ya juu kiasi cha vidole vinne, maana kawaida yao ni kuikata sawa na nyama. Pia uuangalie kabla hujalipa: mkaguzi wa nyama huwa anauchanja moyo akitafuta mabuu ya tegu, basi chagua uliochanjwa kidogo. Wa ng'ombe ni mkubwa kuliko wa binadamu, vyumba na vali ni vilevile.

Usikimbilie kisu. Osha madonge ya damu kwanza, kisha ubonyeze. Upande ulio mgumu mpaka kwenye ncha ndio kushoto. Mishipa inayobaki wazi kama mdomo ni aota, ule mshipa mkuu unaotoka upande wa kushoto, na ateri ya mapafu; inayolala ni vena, mishipa ya kurudisha damu moyoni. Tia kidole kwenye aota, kitaingia ventrikali ya kushoto. Sasa mimina maji ya bomba ndani ya aota: kama vali haijachanwa, maji yanasimama. Hiyo ndiyo vali inavyofungwa, na hakuna noti itakayokuonyesha. Chungulia juu kidogo ya vipande vya vali utaona matundu mawili madogo, ndiyo milango ya ateri za moyo wenyewe. Shika hilo la matundu, tutalirudia.

Kata kuanzia ateri ya mapafu kushuka ventrikali ya kulia mpaka karibu na ncha. Kisha kata upande wa kushoto, kutoka atiria mpaka nchani. Pima kuta mbili kwa rula. Wa kushoto ni mnene kiasi cha mara tatu. Aliyekariri atakwambia "kwa sababu kushoto hutoa damu nyingi zaidi". Hapana, bwana. Pande zote mbili hutoa kiasi kilekile, karibu mililita 70 kwa pigo moja, mara mapigo 72 kwa dakika ni lita 5 na kitu. Zingetofautiana, damu ingerundikana upande mmoja. Kinachotofautiana ni shinikizo: kushoto hufika milimita 120 za zebaki, kulia kiasi cha 25. Mapafu yangepelekewa 120, maji yangevuja kutoka kapilari, vile vimishipa vyembamba kabisa, na mtu azame pakavu. Kisha bonyeza ukuta wa kati kwa vidole. Hakuna tundu. Galeno, tabibu wa kale wa Kiyunani, aliamini damu inapenya hapo kwa vitundu visivyoonekana, na karne kwa karne watu wakakariri hivyohivyo, mpaka tabibu Ibn al-Nafis huko Cairo, karne ya 13, akasema ukuta huu haupitishi kitu, damu lazima izunguke kupitia mapafu. Yaani wauza noti walikuwepo tangu zamani. Ukigonga kimfupa kidogo kwenye mzizi wa aota usishtuke, ng'ombe anacho, binadamu hana.

Ukimaliza, kuupika au kutoupika ni baina yako na mama mwenye nyumba.

Sasa yale matundu mawili. Ukuta wa kushoto ukikaza unaiminya mishipa yake wenyewe, kwa hiyo unapata damu zaidi wakati umelegea. Kwa mapigo 75, pigo zima ni sekunde 0.8: kukaza 0.3, kulegea 0.5. Moyo ukienda mbio, muda unaofupika zaidi ni ule wa kulegea. Kazi imeongezeka, chakula kimepungua. Ndiyo maana mzee mwenye ateri zilizoziba anabanwa kifua akipanda ngazi.

Turudi kwa mchumaji wetu, maana hakuvunjika mkono tu, na paja pia. Humpimi presha ukaona 110 ukatulia. Femuri iliyovunjika inaweza kuficha lita moja mpaka moja na nusu ya damu ndani ya paja, na mtu mzima ana kama lita 5 zote. Akipoteza mpaka asilimia 30, presha ya juu mara nyingi bado inasimama. Kwa nini? Vipima presha vilivyo shingoni kwenye ateri ya karotidi na kwenye upinde wa aota vimegundua mvutano umepungua, vikapunguza kupeleka ishara za kutuliza, moyo ukaongeza mbio, mishipa ya ngozi na ya utumbo ikabana. Figo nazo zikatoa renini, kemikali ya kuamsha mfumo wa kupandisha presha, mwili ukaanza kuzuia chumvi na maji. Kwa hiyo angalia mapigo yaliyopanda, ngozi ya baridi yenye jasho, tofauti ya presha ya juu na ya chini iliyopungua, mkojo chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa. Mtu wa kilo 60 anatakiwa atoe angalau 30 kwa saa. Presha inapoanguka, ameshachelewa, na wewe pia. Hii ndiyo "fiziolojia ya kusoma baada ya likizo" aliyokwambia kaka.

Mifupa isome, sikukatazi, lakini ishike mkononi, usiisome kwenye orodha. Kwenye mtihani wa vituo, ule wa kupita meza kwa meza, utaulizwa ni wa kulia au wa kushoto. Humerasi: kichwa kielekee ndani, shimo kubwa la kisugudi liwe nyuma, halafu uulinganishe na mkono wako. Femuri: kichwa ndani, ule ukingo mkali uwe nyuma. Ukiushika kinyume utajibu kinyume kwa kujiamini kabisa, na kujiamini hakuna alama.

Kitabu, chochote kinene cha chuo, hata toleo la zamani, mradi kina picha na kina maelezo ya kazi. Cha maktaba kitakutosha muhula wa kwanza. Tableti au laptop, yoyote inayofungua picha bila ya kukwama. Karatasi nunua rimu nzima, zile 500, na kalamu nyekundu mbili.