Mfungaji bora aliachwaje? Jinsi kikosi cha mashindano makubwa kinavyoundwa, na kama kambi ingefaa Mombasa

Salaam wadau. Swali la mwenzetu lina vipande vitatu. Kwanza, kwa nini timu ya taifa hutaja majina hamsini na kitu kisha hubaki na 26. Pili, kwa nini anayeongoza kwa mabao ligini huachwa nyumbani. Tatu, kwa nini kambi ya Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kabla ya AFCON 2027 (Kombe la Mataifa ya Afrika, ambalo Kenya, Tanzania na Uganda ni wenyeji) isipigwe hapa kwetu Mombasa. La kwanza nitalipita haraka maana ni la makaratasi, la pili ndilo lenye nyama.

Orodha ya awali ni wavu tu. Kombe la Dunia 2022, FIFA iliruhusu hadi majina 55 ya awali na kati ya 23 na 26 ya mwisho, makipa wasipungue watatu. Mwaka 2018 ilikuwa 35 na 23. AFCON nayo imekuwa ikibadilika: 23 mwaka 2019, 28 toleo la 2021, 27 toleo la 2023, kisha 28 tena kule Morocco. Katika Kombe la Dunia, ambaye hakuandikwa kwenye orodha ya awali haingii ya mwisho, kwa hiyo kocha huandika hata aliye na plasta mguuni na kijana wa miaka 19 ambaye hana nia ya kumchezesha. Kutajwa humo si kuitwa kambini. Wito wenyewe ni barua inayofika klabuni siku 15 kabla ya muda wa kumwachilia mchezaji. Ikichelewa, klabu hailazimiki kumtoa, na hapo msilaumu klabu. Wakati huohuo meneja wa timu anakusanya pasipoti na kukagua kama zimebakisha miezi sita au zaidi, kadi za homa ya manjano, na viza. Hakuna anayeyashangilia haya, lakini mchezaji asiye na viza ni sawa na mchezaji aliyevunjika mguu.

Sasa kikosi chenyewe. Vibarazani tunahesabu kana kwamba ni mtihani wa darasani: wa kwanza hadi wa 26 waende, wa 27 abaki. Kocha hahesabu hivyo. Yeye huchora jedwali la nafasi kumi za uwanjani na kuandika majina mawili chini ya kila moja. Hao ni 20. Ongeza makipa watatu, unapata 23. Mpaka hapo mabishano ni machache, kwa sababu makocha wengi wangefika kwenye majina yaleyale kumi na nane au kumi na tisa. Kelele zote ni za wale wa mwisho, na hawa hawachaguliwi kwa ubora. Wanachaguliwa kwa kazi.

Kila jina la mwisho lazima lijibu swali. Dakika ya 75 tunaongoza 1-0, wapinzani wanamwaga krosi: nani anaingia kuziondoa kwa kichwa? Tuko nyuma kwa bao moja na wao wameegesha basi, yaani wote wamerudi kulinda: nani anaweza kumpita beki mmoja kwa mmoja kwenye nafasi finyu? Beki wa kati amepewa kadi nyekundu dakika ya 30: yupo kiungo anayeweza kurudi nyuma bila kocha kupoteza nafasi ya kubadilisha mchezaji? Beki wa kushoto amepata kadi mbili za njano katika mechi mbili za makundi na amefungiwa ya tatu: aliye nyuma yake anatumia mguu wa kushoto kweli, au ni wa kulia aliyehamishwa? Kocha akikosa swali ambalo jina linalijibu, jina hilo hufutwa hata kama mwenyewe ni fundi. Ndiyo maana mchezaji wa nafasi mbili au tatu, ambaye mashabiki humwona wa kawaida, hupita mbele ya fundi wa nafasi moja.

Twende kwa mfungaji. Tuseme ana mabao 15 ligini. Benchi la ufundi litayavunja hayo mabao: mangapi ni ya penalti, mangapi aliwafunga walio mkiani, mangapi yalitokana na krosi ambazo timu ya taifa haizipigi. Timu nyingi sasa zinacheza na mshambuliaji mmoja wa kati. Kama huyo mmoja ni mtu wa aina ya Michael Olunga wa Harambee Stars, mrefu, mwenye nguvu, wa mguu wa kushoto, basi wa pili anapaswa kuwa tofauti naye. Nakala yake iliyofifia haisaidii kitu, kwa sababu beki aliyemzoea Olunga kwa dakika 70 ataendelea na kazi ileile. Wa tatu naye ataombwa acheze pia winga, arudi kukaba, aanzishe presha. Mfungaji ambaye klabuni timu nzima inamchezea yeye, na anayehitaji dakika 90 ili apate nafasi mbili, hawezi kuingia kwa dakika 15 akafanya jambo. Mwaka 2019 Sébastien Migné, kocha wa Kenya wakati ule, alipomwacha mshambuliaji Jesse Were, aliyekuwa akifunga Zambia na Zesco United, zogo lilikuwa kubwa. Binafsi naona Were alistahili nafasi. Lakini hoja ya “ana mabao mengi” peke yake haikutosha wakati ule na haitoshi sasa, hasa tangu timu ziruhusiwe kubadilisha watano katika vipindi vitatu. Wanaotokea benchi wamekuwa nusu ya mpango wa mechi.

Kipa wa tatu ndiye mtu anayedharauliwa kuliko wote. Hachezi, lakini mazoezini anapigiwa mashuti mengi kuliko kipa wa kwanza ili wa kwanza asichoke, na anapaswa kufanya hivyo mwezi mzima bila kununa. Ndiyo maana nafasi hiyo mara nyingi hupewa mtu wa ligi ya nyumbani mwenye tabia njema. Kwenye kile kikosi cha AFCON 2019 tulikuwa na Faruk Shikhalo wa Bandari yetu. Na msisahau robo fainali ya Kombe la Dunia 2014: kocha wa Uholanzi Louis van Gaal alimwingiza kipa Tim Krul dakika ya 120 kwa ajili ya penalti tu, Krul akazuia mbili na Uholanzi ikaitoa Costa Rica. Penalti ni kazi nyingine inayohesabiwa mapema. Kikosi kisichokuwa na wapigaji wanane wa kuaminika kina tundu, kwa sababu ikifika dakika ya 120 watatu kati yao wameshatolewa.

Kuhusu siku za maandalizi, ule utaratibu wa zamani wa wiki tatu kambini na mechi tatu za kirafiki unakufa. Mwaka 2022 klabu zilicheza hadi tarehe 13 Novemba na Kombe la Dunia likaanza tarehe 20. Kwa AFCON ya Morocco, siku ya kuwaachilia wachezaji ilisogezwa kutoka tarehe 8 hadi 15 Desemba 2025, mashindano yakaanza tarehe 21. Ndani ya siku sita hufundishi mfumo mpya. Unachoweza ni umbo la timu bila mpira, kona na frikiki za pande zote mbili, na nani anamkaba nani. Walid Regragui alikabidhiwa Morocco mwisho wa Agosti 2022, akapata mechi mbili za kirafiki Septemba na moja dhidi ya Georgia Novemba, akafika nusu fainali. Hakuongeza mambo. Alimrudisha winga Hakim Ziyech na kuifanya safu ya ulinzi ikae karibu karibu.

Zikipatikana wiki tatu, kama inavyowezekana kwa timu ya wachezaji wa ligi za nyumbani tupu, siku tatu nne za kwanza ni za daktari. Wachezaji hawafiki wakiwa sawa: mmoja amemaliza msimu mrefu na anahitaji kulala, mwingine hajacheza wiki sita na anahitaji kukimbizwa. Kosa la kawaida kambini ni kuwapa wote mazoezi yaleyale mara mbili kwa siku tangu siku ya kwanza, ili kocha aonekane anafanya kazi. Msuli wa nyuma ya paja ndio hulipa. Mazoezi ya dakika 60 hadi 90 yanatosha, na vesti za GPS zinaonyesha ni nani aliyezidisha mbio za kasi, yaani zile za zaidi ya kilomita 25 kwa saa. Kirafiki cha mwisho kichezwe siku tano au sita kabla ya mechi ya kwanza. Kikisogea karibu zaidi na mechi hiyo, jeraha dogo la siku saba linamnyima mtu mechi mbili za makundi. Wiki ya mwisho punguza muda wa mazoezi kwa karibu nusu lakini usipunguze kasi. Timu inayopunguza vyote viwili huingia uwanjani ikiwa imelala.

Bonasi na posho ziandikwe na kutiwa saini kabla ya kupanda ndege. Mwaka 2014 Cameroon waligoma kupanda ndege kwenda Brazil, na Ghana ikabidi ipelekewe dola milioni 3 taslimu katikati ya mashindano. Hakuna mazoezi yanayofidia siku kama hizo.

Na kambi Mombasa? Inategemea mechi zenyewe ziko wapi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mpira unaruka kwa kasi zaidi na pumzi inakatika mapema. Ukipiga kambi ya wiki mbili huku pwani kisha mechi ya kwanza iwe uwanja wa Kasarani, Nairobi, umejinyima faida ya mwenyeji kwa mikono yako. Lakini kama kuna mechi Dar es Salaam au Zanzibar, hapo Mombasa ina maana, kwa sababu mwili huchukua kama siku 7 hadi 14 kuzoea joto na unyevu, na mazoea hayo hupotea ndani ya wiki mbili tatu. Hata hivyo Juni na Julai, miezi iliyopangwa kwa mashindano, ni msimu wa upepo wa kusi, hali ni ya upole. Anayetaka joto la kweli aje Januari hadi Machi.

Viwanja ndio mtihani. Timu inahitaji viwili vya nyasi nzuri, mita 105 kwa 68, ndani ya dakika 20 kutoka hotelini. Ukiiweka Diani, pwani ya kusini, na mazoezi yawe uwanja wa Mbaraki kisiwani, umeingia kwenye hesabu za feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu imepunguza adha, lakini bado ni safari, na misuli iliyokaa kwenye basi saa nzima haifai kukimbizwa papo hapo. Nyali au Shanzu ni afadhali. Na kuna kishawishi cha kuwakimbiza ufukweni kwa ajili ya picha. Mchanga laini huvuta kano ya kisigino na misuli ya shavu la mguu kwa watu waliozoea nyasi. Kutembea asubuhi sawa, mbio za kasi hapana.

Jikoni, mahamri na mbaazi za nazi ni halali siku ya mapumziko. Siku moja kabla ya mechi mchezaji anahitaji wanga gramu 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito wake, na mafuta kidogo: wali mweupe, viazi vitamu, ndizi, kuku asiyekaangwa. Biriani ikae mpaka baada ya mechi. Kwa joto la huku wapimwe uzito kabla na baada ya mazoezi, na kila kilo iliyopotea irudishwe kwa lita moja na nusu ya maji. Madafu ni mazuri lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho linatoa chumvi, kwa hiyo tia chumvi kidogo au yaende pamoja na chakula. Dirisha la kimataifa, yaani kipindi cha mechi za timu za taifa, likiangukia Ramadhani, mazoezi yahamishiwe usiku baada ya futari, na wapishi waamke kwa ajili ya daku. Hotel nyingi za huku hazihitaji kufundishwa hilo.

Mwisho, walioachwa. Katika Kombe la Dunia aliyeumia anaweza kubadilishwa hadi saa 24 kabla ya mechi ya kwanza ya timu yake. Novemba 2022 Christopher Nkunku wa Ufaransa aliumia mazoezini baada ya kugongana na mwenzake Camavinga, akaitwa Randal Kolo Muani, na mwezi mmoja baadaye huyo Kolo Muani alikuwa uwanjani kwenye fainali. Senegal nao walimpoteza Sadio Mané baada ya kumtaja, wakamwita Moussa N'Diaye. Kwa hiyo wale wawili watatu waliokatwa mwishoni wasirudishwe kwao na kusahauliwa. Wabaki kambini au wafuate programu ya mazoezi ya timu, viza zao ziwe tayari, na daktari awe na vipimo vyao vya wiki hiyo.