Programu nzuri ya kujisomea ni ile ambayo mwanafunzi anaandika swali lake

Ninafundisha Biolojia hapa Mtwara, na jioni nawasaidia watahiniwa wa kujitegemea wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Tangu walimu tugawiwe vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, wenzangu wengi huniuliza wawawekee wanafunzi programu gani. Nami huwauliza kwanza: humo ndani mwanafunzi anaandika nini? Kama haandiki kitu, kazi yake ni kupakua na kusoma tu, hilo ni kabati la PDF, na kabati tunalo tayari kwenye magrupu ya WhatsApp.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliofunika karatasi wakajipima. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wa taifa hufanyika Novemba, miezi mingi baada ya somo lenyewe.

Ninayoipendekeza kwanza ni Anki. Kwenye simu za Android inaitwa AnkiDroid; ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji bando ili kujisomea. (Kwenye iPhone ni ya kulipia. Angalia jina vizuri unapopakua, maana zipo nyingine zenye majina ya kufanana.) Mwanafunzi anatengeneza kadi, mbele swali, nyuma jibu. Akishafunua jibu anabonyeza mwenyewe kama alisahau, alipata kwa shida au ilikuwa rahisi. Kadi aliyoisahau hurudi siku hiyo hiyo. Aliyoipata hukaa siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi.

Kazi yenyewe iko kwenye kuandika kadi, na hapo ndipo mwalimu anatakiwa. Binti mmoja wa Newala alikuwa ameandika, "Eleza kuhusu mkorosho." Swali la namna hiyo halina mahali pa kuishia, na ukijipima nalo hujui umepata au umekosa. Nikamwomba agawanye: kadi moja, jambo moja. Alipokwenda shambani kwao akapiga picha ya bibo likiwa na korosho yake chini, akaiweka mbele ya kadi na swali: "Kati ya hivi viwili, tunda halisi ni lipi?" Nyuma: "Korosho. Bibo ni kikonyo kilichovimba." Jibu akaliweka kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha mtihani. Kisha akaongeza kadi nyingine ambayo sikumtuma: kama bibo si tunda halisi, mbegu iko wapi? Hapo nilijua somo limeingia.

Upande wa kufuatilia maendeleo, Anki ina ukurasa wa takwimu unaoonyesha kadi alizopitia, siku alizoruka na mzigo unaokuja. Huku kwetu ukurasa huo una kazi maalumu. Msimu wa korosho unaangukia karibu na mtihani, na mwanafunzi mwenye kadi nyingi mpya akiondoka kwenda kuokota anarudi na foleni ya kumkatisha tamaa. Kwa hiyo, wiki chache kabla ya mavuno, weka kadi mpya kwa siku ziwe sifuri, abaki na marudio tu. Mzigo unapungua wenyewe, na yaliyobaki atayapitia jioni hata kule ambako mtandao haushiki.

Shule yenye kompyuta moja na simu nyingi iitazame programu ya Kolibri. Kompyuta inabeba masomo, simu zinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi bila intaneti, na mwalimu anaona nani amekwama kwenye zoezi gani. Kwa ufuatiliaji ni nzuri sana. Kwa mwanafunzi kutunga maswali yake, hapana, kwa hiyo usiiache peke yake. Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni ulioanza 2002, inafaa zaidi vyuo vyenye fundi wa kompyuta. Ukiipata, omba wafungue sehemu ya faharasa (Glossary) ili wanafunzi waandike maelezo yao wenyewe, maana mara nyingi huishia kupandishwa notisi tu.

Asiye na simu atumie maboksi. Mjerumani Sebastian Leitner alieleza njia hiyo mwaka 1972: kadi za karatasi, ukipata inasogea boksi la mbele, ukikosa inarudi la kwanza. La kwanza unalipitia kila siku, ya mbele mara chache. Nina wanafunzi wanaotumia maboksi ya biskuti na wanakwenda vizuri.

Kabla hujamkabidhi mwanafunzi programu yoyote, zima data. Mwambie atengeneze kadi, ajipime, azime simu na kuiwasha tena. Kisha zitoe kadi zake zote kama faili na uzifungue kwenye simu nyingine. Simu za wanafunzi wetu huuzwa, huibiwa, huanguka majini. AnkiDroid inakubali, na faili hilo linatumwa hata kwa Bluetooth. Programu inayoshikilia kadi za mtoto asiweze kuondoka nazo siipendekezi, hata ikiwa na sura nzuri kiasi gani.